Nusu ya Uwanja

Mpwa wangu alinitahadharisha tangu jikoni kwake: nauli ya metro isinishtue. Tiketi moja, yuro 4. Kabla ya Olimpiki ilikuwa yuro 2 na senti 15, na wageni wakishaondoka ingeshuka tena. Walitangaza hivyo mchana kweupe bila kuona haya. Nikapiga hesabu ya shilingi kichwani, nikaona ni sahani mbili za wali samaki pale stendi ya Kange kwetu Tanga, na soda juu. Nikanyamaza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa siku ya pili hapo Saint-Denis. Akalipa yeye.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024, na tulikuwa tunakwenda kutazama mpira wa vinyoya katika Paralimpiki ya Paris.

Najua wengi wetu mchezo huu tunauita badminton na tunauhesabu kuwa wa Wahindi. Kwetu Tanga ulikuwa hivyo kweli. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na ukumbi wao, na jioni tukiwachungulia dirishani wakiruka na fulana nyeupe, kinyoya kinapaa hadi karibu na mapangaboi, kinageuka, kinashuka. Baadhi yao walipohamia Uingereza na Kanada, raketi chache zilibakia kwa mayaya na wapishi, nasi tukazirithi. Wavu wetu ulikuwa kipande cha jarife bovu. Mistari tulichora kwa majivu. Kinyoya kikinyonyoka tulichomeka manyoya ya kuku, na kinyoya chenye manyoya ya kuku hakiendi unakokituma, kinakwenda upande kama mlevi.

Dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka minne, alikuwa hachezi. Polio ilimpitia angali mdogo, ikamwachia mguu mmoja mwembamba, na watoto wa mtaa walimwita Kiguru. Na mimi nilimwita hivyo, siku nikikasirika. Kazi yake ilikuwa kuhesabu pointi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, upande wa pili wa wavu, akahesabu kwa sauti ya juu, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Ukileta ubishi alikusomea mchezo mzima tangu pointi ya kwanza, nani alipiga, wapi kilianguka.

Huyu mpwa wangu ni binti yake. Ndiye aliyenunua tiketi za mchezo miezi mingi kabla, na ndiye aliyenipigia simu: "Mjomba, mama na presha yake ndege hataiweza. Njoo wewe uone, halafu ukamsimulie."

Kuja kwenyewe kulikuwa na kazi yake. Mara mbili nilipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kupeleka karatasi za viza. Mara ya kwanza zilirudishwa kwa sababu taarifa ya benki ilikosa mhuri kwenye ukurasa mmoja. Mara ya pili mhuri ulikuwepo, ila ada ilikuwa imeshapanda katikati ya safari zangu: viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen ilitoka yuro 80 ikaenda 90 mwezi wa Juni mwaka huohuo. Kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa mpiga ngoma, amealikwa kwenye tamasha, na tamasha lenyewe lilikuwa limeshapita kwa siku nne. Alikuja kudai pasipoti yake tu. Sikujua kwamba nitamkumbuka nikiwa nimekaa kwenye kiti ukumbini Paris, lakini nilimkumbuka.

Hatukwenda ukumbini moja kwa moja. Mpwa wangu alitaka kwanza kupita Château Rouge, na nikamwelewa nilipotoka juu ya ardhi. Ni Kariakoo iliyovaa koti. Ndizi za kupika, mihogo, bamia, samaki wakavu waliopangwa kama vigae, mama mmoja anachoma mahindi juu ya kitoroli cha dukani. Tulikuwa tunabishana kwa Kiswahili kuhusu kisamvu, kama kile kilichosagwa na kugandishwa kina ladha au hakina, mwenye meza akainua kichwa. Alikuwa mama wa Bukavu. Akacheka kwanza: kwao hiyo si kisamvu, ni sombe, na aliyetufundisha kuiita kisamvu alitudanganya. Akatuuliza sisi ni watu wa wapi, akasikia Tanga, akauliza kama ni mbali na Mombasa. Tulipomwambia tunakwenda kuwaona wenye ulemavu wakicheza vinyoya alituangalia kidogo, akaongeza fungu la pilipili bila kulipisha, akasema tumshangilie na yeye mtu wake. Mtu gani? Yeyote mweusi, akasema, ye hajui majina.

Jina nilikuwa nalo mfukoni: Mariam Eniola Bolaji, wa Nigeria. Kwa Kiyoruba Eniola ni mtu wa heshima, mtu wa neema. Alikuwa hajatimiza miaka 20, na siku ile alikuwa anacheza mechi ya kuwania shaba.

Kutoka Château Rouge tulitembea hadi kituo cha Marcadet-Poissonniers, tukashuka chini kupanda njia namba 12. Ngazi. Halafu korido. Halafu ngazi tena. Metro ya Paris ni ya tangu mwaka 1900, na katika njia zake zote ni namba 14 tu, ile ya juzijuzi, ambayo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia na kutoka katika kila kituo. Jiji zima lilikuwa limebandikwa mabango ya wanariadha wenye miguu ya chuma wakiruka angani, na chini ya bango moja kama hilo nilimwona mzee mwenye gongo akisimama kila baada ya ngazi tatu kuvuta pumzi. Watu walimpita kulia na kushoto. Sisi pia tulimpita, maana tulikuwa tumechelewa. Najitaja na mimi nisije nikaonekana mwema.

Porte de la Chapelle, mwisho wa jiji upande wa kaskazini, lilikuwa jina baya hadi juzi. Hapo, chini ya madaraja ya barabara kuu, ndipo walipokuwa wakilala kwenye mahema vijana wa Sudan, wa Eritrea, wa Afghanistan, wakisubiri karatasi. Mwaka 2016 jiji liliweka kituo cha kuwapokea chenye kuba kubwa kama puto, mwaka 2018 kikaondolewa, mahema yakarudi. Palikuwa pia na kilima cha wavuta dawa za kulevya ambacho magazeti yalikipa jina la dawa hizo. Kisha Olimpiki ikaja, polisi wakaja, na mahali hapo pakaota ukumbi mpya uliofunguliwa Februari 2024. Ni wa pekee uliojengwa upya ndani ya mipaka ya Paris yenyewe kwa ajili ya michezo ile. Una jina la kampuni ya viatu, ila katika siku za michezo jina lilifunikwa, ukaitwa kwa jina la mtaa. Viti vyake vimetengenezwa kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa, vina madoa ya rangi kama kanga iliyochuja. Mpwa wangu, ambaye huwa hakosi neno, alisema hao waliokuwa wakilala hapa wangefurahi kujua kwamba chupa zao za maji zimepata pa kukaa.

Ndani, jambo la kwanza lililonigusa lilikuwa hewa. Imetulia kabisa. Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16 ya bata bukini yaliyopandwa kwenye kizibo, na chote kina uzito kati ya gramu 4.74 na 5.50, kwa hiyo upepo wa feni tu unakipotosha. Ndiyo maana Wahindi wa Tanga walikuwa wakizima mapangaboi kabla ya kuanza, jasho likiwatiririka, na sisi dirishani tukidhani wanabana umeme. Ilinichukua miaka hamsini na nauli ya ndege kulielewa hilo.

Kisha macho yakashuka uwanjani. Uwanja wa vinyoya una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1. Kwa mchezo niliokuja kuutazama walikuwa wameugawa katikati kwa urefu, kama unavyopasua ubao, na kucheza upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa sakafu ya kijani, haina mtu.

Watu wenye ulemavu katika mchezo huu wamepangwa katika makundi sita. Wa viti vya magurudumu ni WH1 na WH2. Wanaosimama wakiwa na ulemavu wa mguu ni SL3 na SL4, wa SL3 akiwa na tatizo kubwa zaidi la kukimbia na kusimama imara. Wa mkono ni SU5. Wafupi wa kimo ni SH6. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja, wa magurudumu na SL3 hupewa nusu ya uwanja. Waliobaki huchezea uwanja mzima. Bolaji ni SL3.

Unaweza kudhani nusu ni nafuu. Nilidhani hivyo. Lakini ukiondoa upana unaondoa ujanja wote wa kona kwa kona, ule wa kumvuta mtu kulia halafu ukapiga kushoto. Kinachobaki ni urefu: mbele na nyuma, mbele na nyuma. Unakiinua kinyoya hadi mstari wa mwisho, mwenzako anarudi kinyumenyume kwa mguu wake mzima na ule usio mzima, anakifikia, na unapomwona amefika ndipo unakidondosha karibu na wavu, pole kabisa, kama mtu anayeweka yai mezani. Anarudi mbele. Unakiinua tena. Mguu ulio dhaifu ndio unaofanya breki, na breki ndiyo inayouma. Hakuna pa kujificha katika ukanda ule mwembamba, na yeyote mwenye haraka anashindwa.

Siku hiyohiyo, ukumbi huohuo, fainali ya wanaume wa SL3 ilionyesha hilo hadi mikono ikatutoka jasho sisi tuliokaa. Nitesh Kumar wa India, aliyepoteza mguu katika ajali ya treni mwaka 2009 akaenda kusomea uhandisi, alikuwa na Daniel Bethell wa Uingereza. Seti ya kwanza 21-14 kwa Kumar, ya pili 21-18 kwa Bethell, ya tatu 23-21. Saa moja na dakika 20 za kwenda mbele na kurudi nyuma kwenye ukanda uleule. Pigo moja lilirudishwa mara nyingi hata mpwa wangu akaacha kuhesabu na kuanza kuomba dua, sijui kwa ajili ya nani. Kumar alipopata dhahabu alikaa chini sakafuni kama mtu aliyeambiwa apumzike.

Lakini nilikuja kwa ajili ya binti wa Nigeria, na habari yake inaanzia mahali ambapo hakuwepo.

Vinyoya vya watu wenye ulemavu vina mashindano ya dunia tangu mwaka 1998, yalipofanyika Uholanzi kwa mara ya kwanza, lakini mlango wa Paralimpiki ulifunguliwa Tokyo tu, mwaka 2021, katika michezo iliyobaki na jina la 2020 kwa sababu ya korona. Wachezaji 90, medali za aina 14. Nenda kwenye orodha ya medali hizo, utafute wanawake mmoja kwa mmoja: WH1 wapo, WH2 wapo, SL4 wapo, SU5 wapo. SL3 hawapo. Wanaume wa SL3 walikuwa na mchezo wao. Mwanamke wa SL3 aliyetaka kwenda Tokyo ilimbidi aunganishwe na mwenzake wa kundi jingine acheze wawili wawili, ambamo uwanja ni mzima. Ungekuwa bingwa wa bara zima, hodari kiasi gani, jina la mchezo wako halikuandikwa.

Hilo ndilo lililonikaa kifuani zaidi ya pigo lolote. Bolaji alikuwa keshakuwa bingwa wa Afrika akiwa na umri wa shule. Alikuwa ameanza kucheza na wenzake wasio na ulemavu wowote, kama watoto wengi wenye vipaji wanavyoanza, kwa sababu hakuna mtaani anayekuuliza wewe ni kundi gani. Unaingia au unaambiwa ukae pembeni. Baadaye ndipo alipoonyeshwa kwamba kuna mchezo uliochorwa kwa kadiri ya mwili wake. Na mchezo huo, mahali pakubwa kuliko pote, haukuwepo. Kwa Paris waliongeza medali zikafika aina 16, wachezaji 120, na miongoni mwa nyongeza hizo palikuwa na mstari mmoja: wanawake, mmoja kwa mmoja, SL3.

Mstari kuandikwa ni jambo moja, kuufikia ni jingine. Hapa ndipo nilipomkumbuka yule mpiga ngoma wa foleni. Nafasi ya kuja Paris haikupatikana kwa mashindano mamoja. Ilikusanywa pointi kwa pointi kuanzia Januari 2023 hadi Februari 2024, katika mashindano yaliyotawanyika: Hispania, Brazil, Thailand, Dubai, kwingineko. Mchezaji wa Ulaya anapanda treni Ijumaa, Jumatatu yuko kazini. Mwafrika anaanza na barua ya mwaliko, taarifa ya benki, alama za vidole, na nauli ambayo shirikisho linasema italetwa. Usipotokea hakuna anayeandika kwamba ulikataliwa viza. Kwenye orodha unashuka nafasi, basi, kama vile ulicheza ukafungwa. Kwa upande wetu huu, Kampala ndiyo imekuwa ikibeba mzigo. Mashindano ya kimataifa ya pale kwenye ukumbi wa Lugogo yamekuwa yakiwaleta Wahindi, Wajapani na wengine hadi Afrika Mashariki, na Bolaji mwenyewe alipitia huko akiwa bado mdogo. Mtu wa Tanga anafika Kampala kwa basi. Sijui kwa nini sijawahi kwenda. Nasema uongo: najua. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ni mchezo.

Bolaji alipoingia, bendera za kijani na nyeupe jukwaani zilikuwa za kuhesabika. Familia moja nyuma yetu ilikuwa na filimbi, na mama wa familia hiyo alikuwa ameshaanza kulia kabla ya kupigwa kinyoya hata kimoja. Mpinzani wa Bolaji alikuwa Oksana Kozyna wa Ukraine, mchezaji mwenye jina katika Ulaya.

Nilikuwa nimejiandaa kwa saa moja na nusu ya mateso. Hayakuja. Sitaweza kusimulia pointi moja moja kama dada yangu, kumbukumbu yake sina. Ninachokumbuka ni mwendo. Binti alikuwa anafika. Kinyoya kikitumwa nyuma, yuko nyuma. Kikidondoshwa mbele, raketi imeshatangulia. Kuchechemea kulikuwepo, hakufichiki, lakini kulikuwa ndani ya mwendo kama mkato ulivyo ndani ya ngoma, na baada ya dakika chache macho yangu yakaacha kuuona mguu yakaanza kuona mahali kinyoya kitakapoanguka. Seti ya kwanza 21-9. Nikamtazama mpwa wangu, naye akanitazama, hatukusema kitu, maana wa pwani tunajua kusifu mapema kunaleta husuda. Seti ya pili, 21-9. Tisa na tisa. Filimbi ya nyuma yetu ilipasuka masikioni mwangu nikawa kiziwi wa sikio la kushoto hadi jioni.

Ilikuwa medali ya kwanza ya Nigeria katika Paralimpiki ile, na wiki chache tu kabla, kwenye Olimpiki ya wasio na ulemavu, Nigeria ilikuwa imerudi nyumbani mikono mitupu. Ilikuwa pia medali ya kwanza ya Mwafrika katika vinyoya vya Paralimpiki. Na tuseme lote: Olimpiki yenyewe ina vinyoya tangu Barcelona mwaka 1992, na hakuna Mwafrika aliyewahi kuvuna kitu humo. Kwa hiyo katika bara lenye watu zaidi ya bilioni moja, aliyetangulia kuvikwa medali ya mchezo huu katika majukwaa hayo mawili ni msichana mmoja aliyechezea nusu ya uwanja. Dhahabu ya kundi lake ilikwenda kwa Xiao Zuxian wa China, fedha kwa Qonitah Ikhtiar Syakuroh wa Indonesia. China na Indonesia, nchi ambako mtoto anapewa raketi kama kwetu anavyopewa mpira wa makaratasi.

Nisiwasahau Wahindi wengine, nisije nikagombezwa na majirani zangu wa zamani. Kundi la mkono, SU5, lilitoa siku hiyo Thulasimathi Murugesan wa fedha na Manisha Ramadass wa shaba, wote wa jimbo moja la Tamil Nadu. Ramadass alikuwa na miaka 19. Mkono wake wa kulia uliumizwa mishipa wakati wa kuzaliwa, jambo linalotokea hata katika wodi zetu na watoto wanakua tunaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Miaka miwili nyuma alikuwa bingwa wa dunia. Nusu fainali alikutana na Murugesan mwenyewe akafungwa 23-21, 21-17, na siku iliyofuata akaamka akacheza na Cathrine Rosengren wa Denmark akashinda 21-12, 21-8. Nilimtazama akirusha kinyoya cha kuanzia kwa mkono uleule anaoshikia raketi, jambo ambalo mimi mwenye mikono miwili nimelijaribu jikoni kwa mpwa wangu kwa limau na mwiko. Sufuria moja limeingia bonde.

Wiki hiyo haikuishia hapo kwa Wanigeria. Ukumbi uleule ukaondolewa neti, ukawekewa benchi za kunyanyulia vyuma, na Onyinyechi Mark akanyanyua kilo 150 kwa dhahabu na rekodi ya dunia, kisha Folashade Oluwafemiayo akanyanyua 167, naye vilevile dhahabu na rekodi. Hizo niliziona kwenye televisheni, miguu juu ya kochi. Siku ya tatu ilikuwa imepita na jembe nilikuwa nimeshapewa: nilikuwa namenya viazi.

Medali za Paris zina kipande cha chuma cha mnara wa Eiffel katikati, gramu 18, na kwenye ukingo wa zile za Paralimpiki pamekatwa alama za kugusa ili asiyeona aijue yake: mkato mmoja dhahabu, miwili fedha, mitatu shaba. Mpwa wangu alinisomea hayo kwenye simu Jumatatu ile tulipokuwa tunasubiri umati upungue, kwa kuwa hakutaka kupanda ngazi za metro na watu elfu nyuma yake. Nikafikiri juu ya vidole vya mtu vikipita kwenye ukingo ule. Moja, mbili, tatu.

Usiku tukampigia dada. Kwa Tanga ilikuwa saa tano kasoro, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa macho makusudi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Amefunga?"

"Amefunga. Tisa, tisa."

"Usiniambie tisa tisa, nieleze."

Nikaeleza nilivyoweza. Mara tatu alinikatiza kuuliza kilianguka wapi, na mara tatu nilishindwa kujibu, akaguna. Nikamweleza uwanja ulivyopasuliwa kwa urefu, ukachezewa upande mmoja.

"Na upande wa pili?"

"Mtupu."

"Hawaweki hata ndoo?"

Mpwa wangu alicheka hadi akaweka simu mezani. Mimi nilisema hapana, hawaweki ndoo, mwamuzi anakaa kwenye kiti kirefu sana pembeni mwa wavu, anaona pande zote, kina ngazi za kupandia.

Kimya kidogo. Nilisikia feni yake ikizunguka, na jogoo wa jirani aliyekosea saa.

"Ngazi ngapi?"

Nikamwambia sikuhesabu.